Visiwa vya Ziwa Victoria: watalii wanapita, Kalemela inabaki na nini?

Ukisimama kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma hapa Busega, utayaona magari ya watalii yakipita kila siku. Mengi yanaelekea lango la Ndabaka, ng'ambo kidogo ya Lamadi, kuingia Serengeti. Machache husimama. Dereva ananunua maji, abiria wananyoosha miguu, safari inaendelea. Upande wa pili wa barabara, si mbali, ziwa limetulia na mitumbwi imepumzika mwaloni.

Busega ndiyo wilaya ya Simiyu inayogusa Ziwa Victoria, na kata ya Kalemela ni sehemu ya wilaya hiyo. Mbele yake ni Ghuba ya Speke, na nje ya ghuba hiyo kuna visiwa ambavyo wageni huvisafiria kutoka mbali. Siku hizi maneno ya utalii wa ziwa yanasikika zaidi: boti, fukwe, nyumba za kulala wageni. Kabla hayajafika kijijini kwako, ni vyema kuangalia yaliyotokea kwenye visiwa vyenyewe.

Saanane na Rubondo: hifadhi bila wakazi

Kisiwa kilicho rahisi kufika ni Saanane, ndani ya jiji la Mwanza. Jina linatokana na mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijakichukua mwaka 1964 na kukifanya bustani ya wanyama. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ukijumlisha na maji yake, eneo lote ni kilomita za mraba 2 na kidogo tu. Mgeni anavuka kwa boti dakika chache, anapanda mawe makubwa, anaona pimbi na ndege wa majini, na jioni amerudi mjini. Shule nyingi za Kanda ya Ziwa hupeleka wanafunzi huko.

Rubondo, kusini-magharibi mwa ziwa, ni habari nyingine. Ni msitu mnene wa karibu kilomita za mraba 240, wenye nzohe wanaoishi kwenye majimaji, tai wavuvi, mamba na viboko. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Mjerumani Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alileta sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya na kuwaachia porini. Walizaana, na wajukuu wao wapo hadi leo. Tembo na twiga nao waliletwa kwa boti. Mwaka 1977 Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa. Wageni hutembea msituni na waongozaji, au huvua sangara kwa ndoano na kumrudisha majini.

Lakini Rubondo ilikuwa na watu. Familia za wavuvi na wakulima zilihamishwa miaka ya 1960 ili kisiwa kiwe pori la akiba. Faida ipo: maji yanayoizunguka hayavuliwi kibiashara, hivyo samaki hupata mahali pa kuzaliana, na wavuvi wa nje ya mipaka hunufaika. Hata hivyo mapato ya kiingilio hayaendi kijiji chochote moja kwa moja. Katika mwaka wa fedha 2020/21, makusanyo ya hifadhi za TANAPA yalianza kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali.

Ukerewe: watu wapo, wageni wachache

Kutoka Kalemela, Ukerewe inafikika kwa barabara na kivuko. Unapita Lamadi na Bunda, unashuka hadi Kisorya, unavuka hadi Rugezi, kisha Nansio. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Kuna vilima vya mawe, fukwe za mchanga, na jumba la chifu pale Bukindo. Ng'ambo yake ni Ukara, kisiwa kinachojulikana kwa jiwe linalocheza na kwa wakulima wanaofuga ng'ombe zizini ili wapate samadi.

Huku pesa ya mgeni inaangukia mikono mingi: mwenye gesti, mama lishe, bodaboda, mwenye mtumbwi. Tatizo ni kwamba wageni ni wachache, na sababu moja ni hofu ya maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichojengwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Kwa hiyo yeyote anayetaka kupeleka wageni majini kutoka upande wetu aanze na chombo kilichokaguliwa na TASAC, na boya la kujiokolea kwa kila abiria, mtoto kwa mkubwa. Pia mgeni aambiwe ukweli kuhusu kichocho, mamba na viboko kabla ya kuogelea.

Zanzibar: mapatano kwanza

Kuna njia ya tatu. Katika msitu wa Jozani, Unguja, wanapoishi kima punju, sehemu ya mapato ya wageni huenda kwa vijiji vinavyouzunguka, na wakulima ambao mazao yao huliwa na kima hupewa fidia. Kwenye kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa tangu 1994, wavuvi wa vijiji jirani walifundishwa kazi ya ulinzi na uongozaji wageni. Walijua bahari tayari. Walichoongezewa ni mafunzo na mshahara.

Hilo ndilo linaloweza kuihusu Kalemela. Mvuvi wa Ghuba ya Speke anajua upepo unageuka saa ngapi, ndege wanatua wapi, na mwamba uko wapi chini ya maji. Huo ni ujuzi wa kulipwa. Lakini hauna thamani kwake ikiwa mwalo umeshauzwa.

Maswali ya kuuliza mapema

Kwanza, ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwekezaji akija, suala lake lisiishie ofisini kwa mtendaji. Liletwe mkutanoni, na muhtasari uandikwe.

Pili, ufukwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Inamhusu mwenye hoteli kama inavyomhusu mwenye bustani ya mchicha. Na njia ya wavuvi kufika majini iandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Tatu, kazi. Nani ataendesha boti, nani atauza samaki na mboga, vijana wangapi watafundishwa?

Hofu ya wakazi wa kando ya ziwa si ya bure. Jirani zetu wa kata ya Nyatwali, Bunda, serikali iliamua kuwahamisha kwa fidia ili wanyama wa Serengeti wafike ziwani. Huo ni uamuzi wa uhifadhi, tofauti na mradi wa hoteli au boti, lakini unaonyesha jinsi ukanda huu unavyotakiwa na wengi.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukisikia ajenda ya ufukwe au mwekezaji, usimwachie jirani aende peke yake.