Foleni ya Kasualti Si Foleni ya Matatu

WAHENGA walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini akifika hospitalini usiku wa Jumamosi, mgonjwa huyo huulizwa mambo chungu nzima: jina lake, kitambulisho, nani atalipa, na juu ya yote huombwa subira.

Mkazi yeyote wa jiji anaijua hali ya kasualti. Mabenchi yamejaa, sakafu nayo imejaa. Huyu amegongwa na bodaboda, yule ana pumu, kijana kule amekatwa kisu, na katikati yao ameketi mtu mwenye mafua ya siku tatu. Wote wanautazama mlango mmoja.

Tumezoea kumlaumu daktari. Husemwa ameenda chai, au yuko kwenye kliniki yake ya kibinafsi. Visa hivyo vipo, wala sitavitetea. Lakini hata ukiwaleta madaktari kumi zaidi usiku huo, huenda foleni isisogee. Leo, mpenzi msomaji, hebu tuangalie kwa nini.

Nani aonwe kwanza?

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba foleni ya kasualti ni sawa na ya matatu, kuwa aliyetangulia kufika ndiye atangulie kupanda. Kwenye steji hiyo ndiyo haki. Kasualti, haki ya namna hiyo huua.

Njia bora ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Si jambo la jana. Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji katika jeshi la Napoleon wa Ufaransa, aliwatibu majeruhi kwa kufuata ukubwa wa jeraha bila kujali cheo, na hiyo ni zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Afrika Kusini ina mpango wake ambao umeigwa na nchi kadhaa. Mgonjwa akiingia tu, muuguzi humpima presha, joto, mpigo wa moyo na kasi ya kupumua, na kutazama kama anaweza kutembea na kama ana fahamu. Kisha humpa rangi. Mwenye nyekundu hutibiwa papo hapo. Wa rangi ya chungwa aonwe kabla ya dakika 10 kupita, wa manjano kabla ya saa moja, na wa kijani anaweza kungoja hata saa nne.

Je, kazi hii ndogo ina faida? Waulize wenzetu wa Malawi. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, watoto wagonjwa walikuwa wakingoja zamu zao kama watu wengine. Mwaka 2001 mpango ukabadilishwa. Wafanyakazi walifundishwa kumtambua mtoto aliye mahututi angali mlangoni, na huduma ya dharura ikawekwa karibu naye.

Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa, 10 hadi 18 walikuwa wakifariki. Baadaye idadi hiyo ilishuka hadi kati ya sita na wanane. Msingi wa badiliko hilo ulikuwa mpangilio na mafunzo, si jumba jipya la ghorofa.

Karo lililoziba

Lakini kupanga foleni si kuipunguza. Fikiria karo la kuoshea vyombo. Maji yakifurika, mtu wa kwanza hukimbilia kufunga mfereji, kumbe tundu la chini ndilo lililoziba.

Kasualti hufurika vivyo hivyo. Mgonjwa ameonwa, amepigwa eksirei, daktari ameandika alazwe. Lakini wadi imejaa, basi anabaki kwenye machela pale pale kwenye ujia. Machela hiyo haiwezi kumpokea mwingine, na muuguzi anayemhudumia hawezi kumpokea anayeingia. Wagonjwa watano au sita wa aina hiyo wanatosha kuisimamisha idara nzima.

Hata mataifa tajiri yanalijua tatizo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Uingereza iliweka lengo kwamba mgonjwa wa kasualti atibiwe, alazwe au aende nyumbani kabla ya saa nne kupita. Kwa miaka kadhaa walifaulu. Lakini tangu mwaka 2015, lengo la kuwamaliza wagonjwa 95 kati ya kila 100 kwa muda huo halijafikiwa tena, na sababu kubwa ni ukosefu wa vitanda wadini.

Hapa kwetu tundu hilo limezibwa pia na jambo jingine la aibu. Kuna wagonjwa waliopona na kuruhusiwa kwenda nyumbani, lakini wanazuiliwa wadini kwa sababu ya deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba hospitali ya Pumwani ilivunja haki za kina mama wawili kwa kuwazuilia hivyo.

Ni ukatili, lakini pia ni hesabu mbovu. Mtu asiye na kitu hatapata pesa akiwa amefungiwa wadini, na kila usiku anaolala pale deni linapanda, huku mahututi akilala kwenye machela ghorofa ya chini.

Gharama yake si ndogo. Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa ndani ya ambulensi karibu saa 18, akizungushwa kutoka hospitali hadi hospitali kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki.

Na haya yalitokea sheria ikiwapo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu hayo inaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni. Sheria ya bima ya afya ya 2023 nayo iliunda hazina ya kulipia dharura na magonjwa mahututi. Karatasi ni nzuri. Hospitali ikilipwa kwa wakati, haitakuwa na sababu ya kuuliza pesa kabla ya kuuliza unaumwa wapi.

Basi tukitaka foleni ipungue, tuwaulize wakuu wa hospitali na kaunti maswali haya: Nani anawapanga wagonjwa mlangoni usiku? Wangapi wamelala kwenye machela wakingoja wadi? Walioruhusiwa asubuhi huondoka saa ngapi? Mgonjwa anayeachiliwa saa tatu lakini akangoja dawa na stakabadhi hadi jioni amekalia kitanda siku nzima bure.

Nyumbani je?

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Serikali ilipanga huduma kwa ngazi: zahanati na kituo cha afya ni ngazi ya pili na ya tatu, hospitali za kaunti ya nne na ya tano, na hospitali kuu za kitaifa ya sita. Kikohozi cha kawaida, kidonda cha kubadilishwa bandeji au dawa za presha zilizokwisha, hayo ni ya zahanati ya mtaani. Jua mapema iliko iliyo karibu nawe na hufunga saa ngapi.

Lakini kuna ishara zisizongoja asubuhi. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayepumua kwa shida, au aliyelegea na haamki vizuri. Mtu mzima mwenye maumivu makali ya kifua, aliyepooza upande mmoja ghafla au kupoteza usemi, au anayevuja damu isiyokoma. Mama mjamzito anayetokwa na damu au anayeumwa sana na kichwa huku macho yakififia. Hawa wapelekwe hospitali mara moja.

Ukifika na mgonjwa wa aina hiyo, usiketi kimya kwenye benchi kwa adabu. Mwendee muuguzi, useme waziwazi: "Sista, mtoto huyu hawezi kunyonya na ameshikwa na degedege." Maneno hayo yana nguvu kuliko kupiga kelele kwamba umefika tangu saa kumi. Na hali ikibadilika mkiwa mnangoja, rudi ukaseme tena.

Na iwapo wewe ndiwe uliye na kidole kilichoteguka, ukaona mtoto wa mwenzako aliyekuja baadaye akiingizwa mbele yako, usigombe. Siku moja huenda atakayebebwa akipitishwa mbele ya watu akawa wako.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.