JE, ANAYEOGOPA HANA IMANI?

Mimi ni mwoga. Naona niseme mapema asije mtu akanisuta mbele ya watu. Mende akiruka, mimi hutoka mbio. Lakini woga ninaotaka kuuzungumzia hapa si wa mende. Ni ule ulioninyima usingizi kwa wiki tatu nilipokuwa kidato cha pili.

Ulianza Septemba 2024. Usiku wa tarehe 5 bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, kule Nyeri, lilishika moto na wavulana 21 wakafariki. Tulitangaziwa habari hizo gwarideni, tukasimama kimya kwa dakika moja, tukaenda darasani. Usiku ulipofika, matroni akafunga mlango wa bweni letu kwa nje kama ilivyokuwa desturi. Kufuli likalia ka! Mlio huo niliusikia kila siku tangu kidato cha kwanza wala sikuujali. Usiku huo ulinipasua moyo. Mlango mmoja, kufuli nje, madirisha yote yana vyuma. Je, moto ukizuka, matroni atafika saa ngapi?

Niliwaendea wenzangu wa Chama cha Kikristo. Waliniombea, na kwa hilo nawashukuru. Lakini dada mmoja akaniambia eti nina pepo wa woga, kwamba aliyeokoka haogopi, na kuogopa ni kumwambia Mungu kuwa hatoshi. Jamani! Nikarudi kitandani na mizigo miwili: woga wenyewe, na sasa aibu ya kuwa nao. Nikaanza kujifanya. Mchana naimba mapambio kwa sauti kuwashinda wote, usiku niko macho kama bundi.

Maoni yangu ni kwamba mafundisho hayo yanawaumiza wengi, na anayepinga namwalika aandike katika toleo lijalo. Hebu fungua kitabu cha Nehemia. Huyu alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi. Aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomolewa na malango yake yameteketezwa, alilia, akafunga, akaomba siku nyingi. Kisha mfalme akamuuliza mbona uso wake una huzuni. Hapo Nehemia mwenyewe anakiri kwamba aliogopa sana. Si kidogo, sana! Hata hivyo, aliomba papo hapo kimoyomoyo, halafu akafungua mdomo akasema haja yake. Akataka ruhusa ya kwenda, akataka barua za kuwaonyesha maliwali njiani, akataka hata mbao za malango. Na baadaye maadui walipotishia kuwashambulia, yeye na watu wake walimwomba Mungu na wakaweka walinzi usiku na mchana. Kwani kuna aliyewaambia kwamba kuweka walinzi ni kukosa imani? Wahenga nao walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio.

Lakini kuna jambo linalonichoma zaidi. Wale wavulana 21 sidhani kwamba hawakuombewa na mama zao. Sitaki imani inayoniambia kwamba walikosa kitu ambacho mimi ninacho. Kumtegemea Mungu si cheti cha kwamba moto hautanifikia. Kwangu mimi ni kujua kwamba siendi peke yangu pale ninapotakiwa kwenda.

Basi nikaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu. Magoti yalikuwa yanagongana. Nje ya ofisi yake niliomba ombi la maneno matatu tu: Mungu, naogopa. Twende. Ndani nikamweleza nilichosoma gazetini, kwamba mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unakataza kufunga bweni kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na unataka madirisha yasiwe na vyuma. Nikamtajia pia Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 waliteketea Machi 2001, mlango mmoja kati ya miwili ukiwa umefungwa na madirisha yana vyuma.

Alinyamaza kwa muda, nikajua leo nimeyatafuta. Kisha akasema, "Tunafunga kwa ajili ya usalama wenu. Wengine wenu huruka ua, unajua hilo." Hakukosea, tunajua wanaoruka. Nikamjibu, "Ndiyo mwalimu, lakini afadhali wawili waruke ua kuliko sote tufungiwe." Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Akaniambia niende darasani.

Baada ya wiki moja kufuli likahamishiwa ndani, na ufunguo ukatundikwa kwenye msumari kando ya mlango, karibu na kitanda cha kiranja. Vyuma vya madirishani vilikawia. Viliondolewa likizo ya mwisho wa mwaka, tena baada ya wazazi kuulizia mkutanoni. Yule dada wa pepo wa woga siku hizi tunacheka naye. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuujaribu ule ufunguo gizani!

Utaniuliza, je, woga umeisha? Wapi! Bado huamka usiku wa manane, moyo ukidunda. Huwa nashuka kitandani, napapasa ukuta hadi mkono uguse ufunguo, namshukuru Mungu, kisha narudi kulala.