Chakula cha Marekani Katika Njia Panda ya Nanganga

Wasomi wetu wana tabia ya kudharau kitu kilicho karibu nao mpaka mgeni aje awasifie. Nataka kuipinga tabia hiyo, na ushahidi wangu ni sahani moja ya chakula.

Katika safari ya kutoka Lindi kwenda Masasi, gari letu lilisimama Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapokutana na barabara kuu. Kando ya njia palikuwa na banda la mama lishe, lisilo na kibao wala jina. Mwenzangu, mtu wa elimu kubwa, alilitupia jicho akasema kuwa hapo hapana chakula cha maana. Yeye atavumilia njaa mpaka apate kuku wa kukaanga na chipsi, yaani chakula cha Marekani. Mimi nilishuka. Mama alinikaribisha, "Karibu baba, keti," akanipakulia ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, maharage, pilipili mbichi na kachumbari ya nyanya. Mwisho alinipa kipande cha papai na konzi ya korosho za kuchoma. Nilikula nikashiba, na moyo ukatulia kama wa mtu aliyefika kwao. Niliporudi garini nilimwambia mwenzangu kuwa chakula cha Marekani alichokuwa akikitafuta nimekila mimi. Alidhani namfanyia mzaha. Haya ndiyo majibu yangu kwake, na kwa wengi wafananao naye.

Muhogo asili yake ni Marekani ya Kusini, karanga vilevile. Maharage, pilipili, nyanya na papai vyote vilizaliwa ng'ambo ya Atlantiki. Mkorosho ni mti wa Brazil, na jina lake la pili, mkanju, limetokana na lugha ya Watupi, wenyeji wa nchi hiyo, likapitia vinywani mwa Wareno mpaka likatufikia sisi. Columbus alivuka bahari mwaka 1492. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Na Wareno, waliokuwa na mguu mmoja Brazil na mwingine katika pwani yetu, wakawa wachukuzi wa mbegu. Ukiondoa chumvi na vitunguu, sahani ile ya Nanganga yote ilikuwa ya Marekani. Sasa itazame sahani aliyoitamani mwenzangu. Kuku asili yake ni Asia. Viazi tu, pamoja na mchuzi wa nyanya, ndivyo vya Marekani. Basi ni nani kati yetu aliyekula Kimarekani?

Lugha yenyewe imetusahaulisha. Mahindi tumeyaita kwa jina la India, ijapokuwa yametoka Mexico. Hatuko peke yetu katika kosa hili: Waitalia waliyaita nafaka ya Kituruki, na Waturuki wakayaita kwa jina la Misri. Kila taifa lilimsingizia jirani, na mkulima wa Mexico aliyeyazaa akakosa shukrani.

Najua upande wa pili nao utaniinukia. Wapo wapenzi wa asili watakaosema: ikiwa vyakula hivi ni vya kigeni, tuviache turudi kwenye mtama, uwele, kunde, njugu mawe na ming'oko, maana mwacha asili ni mtumwa. Vyakula hivyo navipenda, na ni hasara kubwa kuvisahau. Lakini hoja yao siikubali. Mbegu ilitoka huko, mapishi yametoka hapa. Muhogo mchungu una sumu, na mwenye kuumenya, kuuloweka, kuuanika ukawa makopa, kuutwanga na kuuchekecha mpaka ukawa unga salama, ni mwanamke wa huku. Hiyo ni elimu, ingawa haikutolewa cheti. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wake wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya mashamba yake, ilikuja na matrekta na mamilioni ya paundi. Kufika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Karanga haikufa. Iliendelea kulimwa kwa jembe la mkono na kutwangwa kwa mchi, na ndiyo niliyoikuta katika kisamvu changu. Kitu kilichotunzwa hivyo kwa karne nyingi, nani athubutu kukiita kigeni?

Ubishi huu si wa tumbo tu, kwa sababu dharau ina gharama. Kijana anayeona haya kula muhogo mbele ya wenzake atalima nini kesho bila kuona haya? Korosho ya Masasi na Newala, sehemu yake kubwa huuzwa ghafi ikabanguliwe India na Vietnam, nasi tunaona fahari kuinunua mjini ikiwa ndani ya pakiti yenye maandishi ya kigeni. Na mama lishe, anayelisha madereva, walimu na wagonjwa, huhesabiwa kuwa uchafu wa barabarani wa kufagiliwa kila apitapo mkubwa. Sisi wenyewe wa vyuo vikuu hatuna usafi katika jambo hili. Twafanya makongamano ya kukisifu Kiswahili, na saa ya chakula ifikapo twaagiza mikate ya kubandika nyama, kana kwamba ulimi unaosema na ulimi unaoonja ni ndimi mbili.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Nawataka wenzangu wanaofundisha lugha wapeleke wanafunzi wao Nanganga, wakae katika banda lile na daftari, wamwulize mama jina la kila jani, kila chombo na kila hatua ya upishi, wakayaandike katika kamusi. Na wasiondoke kabla ya kula, wala kabla ya kulipa.