Macho Makubwa na Meno ya Kiboko

Wako wahakiki wanaotuambia kwamba fasihi yetu ya watoto imekauka kwa sababu wanyama wake hawapendezi. Wanatuelekeza Japani, ambako dhana ya kawaii, yaani mvuto wa kitu kidogo kinachotaka kulelewa, imejaza filamu za vibonzo. Nasi twahimizwa tuwape sungura na kiboko wetu vichwa vikubwa, macho ya mviringo na mashavu manene. Mvuto huo, wanadai, ni lugha ya wanadamu wote. Dai hili lina chembe ya ukweli. Konrad Lorenz alikwisha kueleza mwaka 1943 jinsi sura ya kichanga inavyoamsha huruma. Lakini kutoka huruma hiyo hadi nadharia ya fasihi ni mwendo mrefu, na wenzetu hawa wameuruka.

Na tuchukue mfano wa nyumbani. Mtoto wa kiboko aliokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akajibanza kwa kobe mkongwe. Owen na Mzee wakawa kitabu mwaka 2006. Sikatai kwamba picha zile zinagusa moyo. Zilinigusa hata mimi. Ninachouliza ni hiki: kitabu hicho kinasomwaje Garsen? Huko, kando ya Mto Tana, mkulima wa Kipokomo hukesha katika dungu akilinda mpunga na mahindi yake, na mwizi anayemwogopa ni kiboko huyo huyo. Mwanawe huonywa asiteremke mtoni giza likiingia. Wala neno lenyewe halimbembelezi: kiboko ni mnyama, na kiboko ni mjeledi.

Hata umbo letu la udogo halina upole wa bure. Kitoto chaweza kupendwa; kijitu hudharauliwa. Kijapani nacho kimeweka kawaii jirani na kawaisō, neno la kumhurumia mnyonge. Anayependwa kwa udogo wake tu amekwisha kudhaniwa kuwa hawezi kudhuru, na hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na watetezi wa macho makubwa. Sungura wa ngano zetu ni mdogo, lakini ngano haituombi tumhurumie. Anadanganya, anaiba, anamtia simba kisimani, na mtoto anayesikiliza hucheka kwa kuwa amegundua kwamba mdogo naye ana silaha. Mtieni sungura huyo macho ya machozi, mtakuwa mmemnyang'anya akili yake na kumwachia masikio.

Isitoshe, waigaji hawa hawaisomi vyema hata Japani yenyewe. Totoro wa Hayao Miyazaki (1988) ana manyoya ya kulalia, ndiyo, lakini akifumbua kinywa huonyesha safu ya meno na kunguruma. Pikachu, aliyezaliwa mwaka 1996, hupiga kwa umeme. Wajapani waliihifadhi hatari ndani ya upole. Sisi twashauriwa tuchukue macho, tuyaache meno.

Tena kuna jambo ambalo mashabiki wa kitabu kile hawapendi kulikumbuka. Mwaka 2007 Owen alitengwa na Mzee, akawekwa pamoja na kiboko jike. Alikuwa amekua, na michezo yake ilihofiwa kumwumiza kobe. Sehemu hiyo ya kisa mtoto wa Garsen angeliielewa bila kusomewa.