Ukiwa Kijenge, nunua iliyokwisha kupimwa

Ndugu mwandishi, hesabu yako ya kutuma sarafu zikapimwe ubora inamfaa mtu wa Florida, si sisi wa Kijenge, Arusha. Chukua sarafu zetu za Tanzania za uhifadhi wa wanyamapori za 1974, twiga wa shilingi 25 na faru wa shilingi 50, zile za fedha zinazong'aa kama kioo. Kuituma yako kwa wapimaji wa Marekani, NGC au PCGS, ni nauli, bima, ada, kurudishiwa, kisha forodha (hapo wengi huchoka). Alama ya juu wanayotoa ni 70. Ukipewa 69 kwa kasoro usiyoiona kwa macho, faida mara nyingi imeshaliwa na gharama. Nunua iliyokwisha kufungwa kwenye kasha, na uhakiki namba yake kwenye tovuti ya mpimaji kabla ya kulipa. Ya urithi kaa nayo, ila tafadhali usiisugue.