Lapi: Ununue Sasa ama Ungoje Bei Ishuke?

Kama umekuwa ukipita Luthuli ama Moi Avenue, unaangalia lapi kwa dirisha alafu unajiambia "wacha ningoje kidogo, bei itashuka," hii stori ni yako. Kwa miaka mingi huo mpango ulikuwa poa kabisa. Vitu za kompyuta zilikuwa zinashuka bei karibu kila mwaka, so msee mwenye subira alikuwa anapata mashine kali kwa doo kidogo. Saa hii hesabu imegeuka, na si wauzaji wa tao wameigeuza.

Shida inaitwa RAM. Sehemu kubwa ya RAM ya dunia nzima inatengenezwa na kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Hizo kampuni zimepata mteja mwenye mfuko mrefu kukuliko, yaani wale wanajenga vituo vikubwa vya data vya AI. Hao wanataka memori ya aina ya HBM, ambayo inakula nafasi kubwa kiwandani kuliko RAM ya kawaida, na wanailipia vizuri. Wewe na elfu thelathini zako hamuezi shindana na hao. Mwisho wa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya, na Desemba Micron ikatangaza inafunga Crucial, ile brandi yake ya kuuzia watu wa kawaida RAM na SSD. Hebu fikiria hapo: kampuni imeona afadhali iache kukuuzia kabisa.

Na SSD pia haijaachwa nyuma, maana nayo ni memori. Kiwanda kipya cha chipu hakijengwi kwa miezi miwili, kinachukua miaka. Kwa hivyo mtu akikuambia ungoje hadi "after Easter" ndio RAM irudi bei ya zamani, muulize ametoa wapi hiyo habari.

Kuna wenye wanasema ni shilingi. Apana. Shilingi ilikuwa imelala Januari 2024, dola moja ikienda karibu 160. Tangu katikati ya huo mwaka imekaa hapo kwa 129 hivi. So hii presha ya sasa inatoka nje, na shilingi kukaa imara haiwezi kuizuia.

Sasa, hiyo inamaanisha ukimbie tao kesho? Inategemea uko na nini kejani.

Kama huna mashine kabisa na kazi yako inataka mashine, mimi naona kungoja ndio kunakula doo yako. Piga hesabu hivi: tuseme una kazi za online zenye zingekuletea soo tano kwa siku, siku ishirini kwa mwezi. Hiyo ni ngiri kumi. Ukingoja miezi mitatu ndio uokoe ngiri tano kwa bei ya lapi, umetupa thelathini kuokoa tano. Na hapo sijahesabu pesa ya saiba. Mwanafunzi wa kampasi anayeandika project kwa simu anajua hii uchungu vizuri kuliko mimi.

Lakini kununua sasa si kununua chochote. Wengi wetu tunanunua eksi-UK, zile EliteBook, ThinkPad na Latitude zilizotumika ofisi za watu huko majuu. Hizo ni mashine tamu, sitaki kudanganya. Hapo ndipo Windows inaingia. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya apdeti za usalama unaeza jiandikishia, lakini inaisha 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, chipu ya kizazi cha 8 kwenda mbele. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. Imeanguka huo mtihani. Ndio maana zingine utaziona zinauzwa bei ya kutupa.

Na usidanganyike juu imewashwa ikaonyesha Windows 11. Fundi anaeza iweka kwa nguvu kwa mashine ya zamani na ikawaka vizuri tu, lakini Microsoft haikuahidi apdeti kwa mashine kama hiyo. Soma chipu yenyewe. i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. Jina la mwili halitoshi, kwa sababu G5 nyingi ni kizazi cha 8 lakini zingine zilitoka na cha 7. Kama pesa inafika tu hapo kwa G3, inunue ukijua utaiwekea Linux kama Mint ama Ubuntu, ambazo ni za bure. Kwa kazi ya brauza na kuandika, itakubeba vizuri.

Ukiwa bado dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uingie upande wa memori. Hapo utaona RAM ni ngapi na nafasi ngapi zimetumika. Hii ni muhimu sana siku hizi, juu RAM ikiwa ghali, lapi iliyotoka na 16 inaeza fika kwako ikiwa na 8. Alafu andika "powercfg /batteryreport" kwa ile skrini nyeusi ya kuamrisha. Itakupa ripoti ya betri: ilitoka kiwandani na nguvu ngapi, na imebaki na ngapi. Muuzaji akikasirika juu ya hiyo, duka liko lingine hapo tu kando.

Siku hizi pia usinunue 8GB ukisema "nitaongeza baadaye," kama hujaangalia nafasi. Lapi nyingi nyembamba za kisasa zimebandikwa RAM kwa ubao, haiongezeki milele. Na hata kama inaongezeka, hiyo baadaye ndiyo imepanda bei.

Wa kungoja wako, na si wachache. Kama lapi yako ni kizazi cha 8 ama juu, na inafanya kazi yako, kaa nayo. Kama bado ina ile diski ya kuzunguka, badilisha hiyo pekee uweke SSD, utashangaa. Na wewe unayengoja GTA VI ndio ujenge PC ya gemu: tarehe iliyotangazwa ni 19 Novemba 2026, kwa PS5 na Xbox Series. PC haimo kwa hiyo tangazo. So hakuna haraka ya kumwaga laki leo.

Lipa pole pole nayo, uliza bei ya keshi kwanza, alafu ujumlishe kila malipo hadi ya mwisho, na uangalie tofauti kabla uweke sahihi. Na risiti iwe na namba ya siriali ya mashine yako, si "laptop 1" peke yake.