Akiba Kwanza, Soko Baadaye

Katika ukame wa miaka ya 1974 na 1975 Taifa letu lililazimika kununua mahindi ng'ambo. Leo, mvua zikiwa njema, twapata ziada. Huko Karagwe na Kyerwa chakula cha asili ni ndizi. Lakini tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, mahindi yamekuwa kinga ya njaa. Serikali ilizuia kuyauza nje mwaka 2017, ikaruhusu mwaka 2018. Mkulima ana haki ya kufuata bei, na mipaka ya Uganda na Rwanda i karibu. Hatari ni kuuza yote wakati wa mavuno, kisha kuyanunua ghali masika. Vyama vya ushirika na vijenge maghala. Ndugu, akiba haiozi.